Mapazia ya Malaz

Tuliondoka Nairobi tumevalishwa fulana za kijani za wakala, wanaume kwa wanawake, kama timu ya mpira iliyokwisha kufungwa kabla ya mechi. Kila mtu alikuwa na bahasha ya plastiki kifuani, na tulikuwa tumeonywa tusiifungue mpaka tufike. Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege nilikaa kando ya msichana mrefu mwembamba aliyekuwa anazungumza na mama yake kwa simu. Alisema Kibukusu, nami ni Mkamba, kwa hiyo sikuokota hata neno, lakini nilijua anasimuliwa kitu, maana alikuwa kimya muda mrefu halafu anacheka, kimya tena, anacheka. Tulishuka Sharjah kubadilisha ndege na tukalala sakafuni, viatu vikiwa mito. Alfajiri yule msichana aliniuliza, bila hata kuniambia jina lake, "Eti Riyadh iko na mto?" Nikamwambia kila mji uko na mto. "Hata mimi nimefikiria hivyo," akasema, akajifunika leso. Riyadh haikuwa na mto. Uwanja wa ndege tuliketishwa katika ukumbi wenye baridi ya kiyoyozi, tukasubiri kila mmoja kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, aje kumchukua kama mzigo uliolipiwa. Jioni akaja mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, akasoma karatasi yake mara mbili kabla ya kutuangalia. "Nafla," akasema. "Koko." Yule msichana wa basi, Nafula, akainuka. Mimi Kioko nikainuka pia. Tulikuwa wa nyumba moja, na Koko nikabaki Koko mpaka siku niliyoondoka.

Nafula alinipigia mwezi uliopita. Mimi sikai mahali pamoja, ni ugonjwa nilioutoa kule au nilikwenda nao. Tangu wakati ule nimekaa Doha, nimekaa Juba, nimelinda ghala Mombasa, na sasa nimepanga chumba Voi karibu na reli kwa sababu napenda kusikia watu wengine wakisafiri. Ndiyo maana Nafula huanza simu zake zote kwa swali moja. "Sasa uko wapi?" Nikamwambia Voi. "Uko na dirisha?" Nikamwambia ninalo. "Funga pazia, Kioko." Ilikuwa mchana, jua linawaka juu ya mabati, na mimi mwanamume wa miaka arobaini na kitu niliinuka nikafunga pazia bila kuuliza, kwa sababu mtu mmoja tu duniani ndiye aliyetufundisha mambo hayo, na nilijua tayari habari inamhusu nani. "Miss Verna ametuacha," Nafula akasema. Tulikaa kwenye simu muda mrefu gizani, yeye Webuye, mimi Voi, kila mtu na pazia lake.

Nyumba ya Baba, ndivyo tulivyomwita yule mwenye kanzu, ilikuwa Malqa, kaskazini ya Riyadh, mtaa wa kuta ndefu na miti iliyomwagiliwa kwa bomba. Mimi nilikaa katika chumba cha dereva karibu na lango, chenye kitanda na birika, na Nafula alikaa juu karibu na chumba cha kufulia. Tulipokutana ni jikoni. Jiko lile lilikuwa kubwa kuliko kanisa letu la nyumbani, na ndani yake kulikuwa na vita moja kila siku saa ya chakula cha mchana: Reem hataki kula. Reem alikuwa binti wa pekee wa Baba na Madam, mtoto wa miaka minne mwenye kope ndefu na meno aliyoyafunga kama kufuli. Madam mwenyewe alikuwa msichana bado, ameolewa akiwa chuoni, na alikuwa akisimama mlangoni anasema "yalla, habibti, yalla," haya mpenzi wangu, haya, mpaka machozi yanamlenga. Mwaka wetu wa kwanza ulipita hivyo. Mwaka wa pili, ambao ndio ninaoukumbuka kama watu wanavyokumbuka nyumba waliyozaliwa, Nafula alipata dawa. Aliinua kijiko cha wali, akakishikilia hewani, akasema, "Paukwa!" Reem akashangaa. "Sema pakawa." Waarabu hawana P. Reem akajaribu, midomo ikamgomea. "Bakawa!" Na mdomo ulipofunguka kwa ile "ba", kijiko kikaingia.

Kuanzia siku hiyo kila mlo wa mchana ukawa hadithi. Nafula alichanganya Kiswahili na Kiarabu cha jikoni, mtoto akaelewa yote. Mimi nilikuwa nakula upande wa pili wa meza, na siku moja nikamtania. "Wee Nafula, hadithi mchana? Nyinyi hamna miiko? Sisi tuliambiwa ukisimulia mchana unaota mkia." Hakucheka sana. Aliangalia dirisha, lile jua jeupe la Riyadh lisilo na kivuli, akasema, "Kwetu ni mbaya kuliko mkia. Lakini jua la hapa si letu, Kioko. Haliwezi kututambua." Nikaona ni jibu zuri. Reem alinenepa mashavu. Hadithi zote zilikuwa za mama yake Nafula, zile zile alizosimuliwa kwenye simu ndani ya basi, na kila wiki akipewa simu alikuwa anaomba nyingine mpya.

Kisha mama yake akafa. Ndugu yake alipiga simu asubuhi, na mchana Nafula alisimama mbele ya Baba sebuleni akiwa na aproni yake, mimi nimesimama nyuma yake kama mkalimani ingawa hakuhitaji mkalimani. Baba alisema Mungu amrehemu, na alilisema vizuri. Kisha akasema, "Mafi safari, hakuna safari sasa. Baada ya mkataba." Nafula akasema sawa Baba, akarudi jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hakulia. Wiki ikapita, hakulia. Lakini mchana Reem alipopiga meza na kusema "Baukwa!" Nafula aliweka kijiko chini kama kimemchoma. "Halas," alisema. "Hadithi zimeisha." Mtoto akafunga kufuli yake. Nilijaribu mimi, nikamsimulia habari za sungura, akaniangalia kama mtu anayeuziwa soda iliyopoa gesi. Nikamuuliza Nafula kwa nini asimwonee huruma mtoto. Alinijibu bila kugeuka, "Nikifungua mdomo tena, nitamuua nani sasa?" Sikumwelewa. Nilidhani ni uchungu unaongea.

Madam alikuwa anajifunza Kiingereza. Mwalimu wake alikuwa Miss Verna, mwanamke mzito wa miaka sitini, mweusi kama sisi, aliyezaliwa Grenada katika visiwa vya Karibi, akakulia London, akaja kufundisha Riyadh na kusahau kuondoka. Alikaa Malaz, mtaa wa zamani wa maghorofa mafupi na vumbi na teksi, na kila Ijumaa mchana nilimpeleka Madam huko, pamoja na Reem na Nafula wa kumshika Reem. Baba alijua ni masomo, na yalikuwa masomo. Kitu ambacho hakujua, na hakuuliza, ni kwamba baada ya saa ya sarufi walikuja wanawake wengine, wauguzi na walimu kutoka visiwa vile vile au waliozaliwa Uingereza na mama wa visiwa vile, wakavua abaya zao sebuleni, wakatoa karatasi kwenye mikoba, wakasomeana walichoandika. Miss Verna alimwalika Madam abaki asikilize. Madam akabaki, na tangu hapo hakukosa Ijumaa.

Ile sebule sikuwahi kuiona. Wanawake walikaa humo vichwa wazi, mimi ni mwanamume, mahali pangu palikuwa jikoni kwenye mlango wa nyuma, kati ya mtungi wa gesi na gunia la vitunguu, na kati yangu na wao kulikuwa na pazia la mlangoni. Lakini mpaka leo nikiambiwa nichore chumba kimoja katika maisha yangu nitachora kile. Najua kulikuwa na kochi lililolia mtu akikaa upande wa kushoto. Najua kulikuwa na feni iliyokwaruza kila ikizunguka. Najua kulinukia kungumanga, kwa sababu Miss Verna aliikwangua juu ya kila kitu, hata juu ya chai ya jirani. Na kabla ya kusoma, ingawa ni mchana, nilisikia pete za mapazia zikikokotwa, krrr, dirisha moja, krrr, dirisha la pili, na mwanga uliokuwa ukipita chini ya pazia langu ukazimika. Walikuwa wanasoma katika giza, kwa taa ndogo ya mezani. Nilifikiri ni kwa ajili ya majirani.

Tulikuwa tunapewa chakula jikoni. Miss Verna mwenyewe alifunika kichwa, akaingia na sahani ya vitu vya mviringo vilivyokaangwa. "Hizi zinaitwa bakes," akasema. Nafula akachukua kimoja, akakipasua, akanusa. "Hizi ni mandazi." "Ni bakes, binti." "Mandazi, Miss Verna. Umesahau iliki tu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akibishana tangu msiba. Kinywaji chao chekundu cha Krismasi, ambacho walikisifu kama kitu cha peponi, kilikuwa karkade, ile ile juisi ya maua inayouzwa na kila Msudani pale chini barabarani, na hilo pia tuliwaambia.

Kutoka nyuma ya pazia nilisikia maandishi ambayo sijawahi kuyasikia tena popote. Miss Verna alisoma kuhusu shangazi yake aliyekwenda London kuwa muuguzi na kungumanga moja mfukoni mwa koti, akaibeba mpaka koti likachakaa, na kila mgonjwa aliyemwinamia alimwuliza nani anaoka keki. Miss Joy, muuguzi wa Jamaika mwenye sauti ya kukimbia, aliandika kwamba mashine za wodini zikipiga ta-ta-ta husikia cherehani ya mama yake, akajikuta amesimama wima kando ya kitanda cha mgonjwa kama anayepimwa sare ya shule. Wakimaliza walikosoana bila huruma. "Joy, hiyo sentensi ya mwisho itoe. Tulishalia tayari, mbona unatukumbusha?" "Na wewe Verna, shangazi yako amekufa mara tatu katika hadithi tatu. Mwache apumzike." Madam alikuwa anacheka kicheko ambacho nyumbani Malqa sikukijua. Mimi nilifikia kidato cha nne, nikadhani vitabu vinaandikwa na watu waliokufa au watu wenye tai. Hawa walikuwa wamevaa sare za zamu chini ya abaya, na wengine walikuwa wanatazama saa ili wasikose zamu ya jioni.

Ijumaa moja Miss Verna hakuanza na karatasi. Pete zikakokotwa, giza likaingia, na nikamsikia anapiga kelele, "Kriki!" Wote wakaitika kwa pamoja, "Kraki!" Akarudia, "Kriki!" Na mimi, mdomo umejaa mandazi, mwili wangu ukaitika kabla ya akili. "Pakawa!" nikasema kwa sauti ya kuitikia iliyonitoka tumboni, sauti ya mwanamume katika kikao cha wanawake. Kule ndani pakawa kimya kama pameanguka sahani. Nikawaza majirani, nikamwaza Baba, nikawaza ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini. Kisha nikasikia Madam, "Koko?" na kicheko kikalipuka, kochi likalia upande wa kushoto, na Miss Verna akasema kwa sauti kuu, "Nani huyo jikoni kwangu anayejua kuitikia?"

Nikaeleza kupitia pazia. Nikasema kwetu mwanzo wa hadithi ni paukwa, na jibu ni pakawa, na mtu akilisikia hawezi kunyamaza. Wakafurahi kama nimewaletea ndugu aliyepotea. Ndipo Madam akauliza kwa Kiingereza chake cha uangalifu kitu ambacho nami nilitaka kukijua: kwa nini wanafunga mapazia, na nje ni mchana? Miss Joy akajibu, "Kwetu Jamaika ukisimulia hadithi mchana, mama yako anageuka kikapu."

"Kikapu?"

"Kikapu cha sokoni. Chenye mikono."

Wakacheka. Miss Verna akapaza sauti upande wangu. "Na kwenu, Mister Koko?"

"Kwetu unaota mkia."

"Umeota?"

"Leo sijaangalia."

Walicheka mpaka feni haikusikika. Kisha Miss Verna akauliza, kwa furaha ile ile, "Na wewe binti wa mandazi, kwenu inakuwaje?" Nafula alikuwa amesimama kwenye sinki, Reem kiunoni. Alijibu kwa Kiingereza, wazi, kama mtu anayejibu polisi. "Kwetu mama anakufa."

Nafula akaendelea, anaongea na bomba la maji. "Nilimsimulia mtoto mchana. Kila siku. Nilisema jua la hapa si letu." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliogopa kumuua mtu, na nikakumbuka ni mimi niliyemtania mezani. Pazia likafunguka. Miss Verna aliingia, kitambaa kichwani kimekaa upande, akamchukua Reem akanipa mimi, akavuta ndoo akaikalia kwa sababu jikoni hapakuwa na kiti. Alimshika Nafula mkono wenye sabuni.

"Nisikilize," alisema. "Mimi sijawahi kusimulia hadithi mchana. Hata moja. London nilifunga mapazia. Hapa nilinunua kitambaa kizito nikayashona mwenyewe. Nimekuwa mtoto mtiifu miaka sitini. Mama yangu alikufa asubuhi, jua limetoka, nami niko darasani nafundisha wasichana wa watu namna ya kutaja wakati uliopita. Nilifunga kila pazia, binti, na akafa hivyo hivyo."

Nafula alimtazama. "Sasa kwa nini bado unafunga?"

"Kwa sababu ni yeye aliyeniambia nifunge."

Nafula akaanza kulia. Alilia kilio chote alichokuwa amekiwekea akiba, amekunja goti pale chini kando ya ndoo, kichwa mapajani mwa mwanamke wa kisiwa asichokijua, na Miss Verna hakumwambia nyamaza. Madam alikuja akasimama mlangoni, mkono umeshika pazia, nywele wazi, amesahau kwamba nipo. Mimi niligeuza uso ukutani nikiwa na mtoto wake, na Reem akanipapasa shavu kwa udadisi, kwa sababu nalo lilikuwa limelowa. Mandazi ya mwisho yaliungua kwenye karai. Hakuna aliyejali.

Ijumaa iliyofuata Nafula aliomba nafasi mwenyewe. Hakuwa na karatasi. Alisema atasimulia kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza hadithi inamtoka imevaa viatu vya mtu mwingine, na mimi nikapewa kazi ya kutafsiri kutoka jikoni. Mapazia yakakokotwa. Paukwa! Wakaitikia wote, pakawa, na sauti moja ndogo ikasema bakawa. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyetumwa na mama yake kuomba moto kwa jirani ng'ambo ya mto, kwa sababu wao umewazimikia. Akapewa kaa katika kigae. Kurudi, akakuta mto umefurika. Akakaa ukingoni anausubiri, na kaa lisizimike akalilisha vijiti, vijiti vilipokwisha akalilisha upindo wa nguo yake, kisha nywele zake. Kila jioni mama anaita kutoka ng'ambo, "Moto uko?" Naye anajibu, "Moto uko, mama, mto ndio haujaondoka." Mto ulipopungua akavuka, akakuta nyumba giza na mama amepoa. Watu wakamwambia umechelewa, huo moto ni wa nini sasa. Akapiga magoti akauwasha jikoni. "Ni wangu," akasema. "Nimerudi nyumbani." Nilitafsiri mpaka hapo, na sentensi ile ya mwisho ilinibidi niiseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikusikika.

Baadaye Miss Verna akauliza, "Mama yako aliimaliza hivyo?"

"Hapana. Kwa mama msichana anafika mapema, wanapika ugali, wanakula."

"Basi hiyo ya leo ni yako," Miss Verna akasema. "Karibu kwenye kazi hii. Haina mshahara."

Wakati wa joto kali Baba alihamishiwa kazi Jeddah, nasi tukahama naye. Jeddah ina hewa ya bahari na watu wanaoongea kwa mikono. Reem alikuwa anakula tena: Nafula alifunga mapazia ya jikoni kila adhuhuri, Madam akaketi nao gizani na sahani yake mwenyewe, na Ijumaa walifungua kompyuta ya Madam na sauti za Malaz zikaingia zikikatikakatika. Ijumaa zangu mimi nikawa nakwenda Kandara, kwenye maduka madogo na vyumba vya kulala vya bei nafuu, ambako madereva na askari wa Kenya tulikodi chumba cha kupikia ugali. Siku moja, baada ya kula, nilitundika blanketi dirishani. "Wee Kioko, unataka kutuibia?" Nikasema paukwa. "Ala! Umekuwa shosho wa hadithi siku hizi?" alisema Barasa, askari wa ghala, mtu wa mabega kama mlango. Lakini waliitika. Huwezi kutoitika. Nikawapa hadithi ya moto kama Nafula alivyoisimulia, na nilipomaliza hakuna aliyetania tena. Barasa alitoka nje na simu yake, nikamsikia kwenye ngazi akisema, "Mama, ni mimi. Hapana, hakuna shida. Nilitaka tu kusikia."

Madam ndiye aliyempeleka Nafula nyumbani. Mkataba ulikuwa unaelekea mwisho na Ramadhani inakaribia, na kila mtu anayejua nyumba za kule anajua kwamba hakuna anayemwachia mfanyakazi kabla ya Ramadhani. Baba alitaka abaki mpaka Idi. Nilikuwa naendesha, wao wako nyuma, na nikamsikia Madam akimwambia mumewe kwa sauti ya chini isiyotetemeka, "Alikuomba siku moja ya kumzika mama yake ukamnyima. Sikusema neno. Sasa nasema." Baba alitazama nje mpaka tukafika. Wiki ile ile tiketi ikakatwa. Uwanjani Nafula hakuniaga kwa maneno mengi. "Ukifika utafanya nini kwanza?" nikamwuliza. "Nitawasha moto," akasema. Reem alilia mpaka akatapika.

Mimi nilizuiliwa mpaka dereva mpya apatikane. Akapatikana, lakini ikama yake ilikuwa bado, kwa hiyo siku ya kuondoka kwangu ilikuwa lazima Baba mwenyewe aendeshe. Kanzu zake kutoka kwa dobi zilikuwa zimelazwa kiti cha mbele. "Koko, kaa nyuma," akasema. Niliendesha gari lile miaka miwili na sikuwahi kukaa nyuma. Madam alisimama mlangoni akanipa mfuko wa karkade kavu na kungumanga mbili ambazo Miss Verna alikuwa amezituma, akasema, "Nenda salama, kaka Kioko." Ndiyo siku pekee aliyolitamka jina langu. Reem alikataa kushuka garini, basi akaachwa aje.

Magari ya familia kule yana mapazia madogo madirisha ya nyuma, wanawake wasionekane. Tulipoingia barabara kuu, jua la saa saba liko juu yetu, Reem akapanda kiti kwa magoti akavuta pazia la upande wake, akanipita mapajani akavuta la upande wangu. Kukawa na giza dogo la rangi ya chai. Akakaa, akaweka mikono mapajani kama mtu mzima. "Baukwa!" akasema.

Nilinyamaza, kwa sababu ya Baba. Akarudia kwa nguvu zaidi. Na kabla sijafungua mdomo, mtu wa mbele, bila kugeuza kichwa, macho barabarani, alisema taratibu, "Bakawa."

Sijui aliisikia wapi. Labda ukutani, adhuhuri zile, mlango wa jikoni umefungwa na yeye yuko peke yake sebuleni. Reem hakushangaa hata kidogo. Alianza kusimulia kwa Kiarabu, na maneno ya Nafula yamepandwa ndani yake: moto, mto, kigae, nywele. Alikuwa anainua kidole kama Nafula. Msichana akakaa ukingoni, mama anaita, msichana anajibu. Tulipita makutano, tulipita vibao vya uwanja wa ndege. Mto ukapungua. Msichana akavuka, akakuta nyumba giza na mama amelala baridi. Hapo Reem akanyamaza kuvuta pumzi, na gari lilikuwa limekwisha kusimama mbele ya milango ya abiria, injini inanguruma, wala Baba hakuizima.

"Na mama yake?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilimwona kwenye kioo, hakuwa ananitazama mimi. "Ilikuwaje mama yake?"

Reem alifikiri. "Msichana alimwekea moto miguuni," akasema. "Akaamka. Akasema, yalla, tule."

Baba alibaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Nikaelewa kwamba alilo nalo moyoni si mimi wa kuambiwa, ni Nafula. Reem alinibusu mkono kama nilivyomwona akimfanyia bibi yake. Nilichukua mfuko wangu unaonukia kungumanga, nikafungua pazia la upande wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na jua likaingia likatukuta wote watatu.